Doa la Maji Ukutani na Haki ya Jirani

Kila mwaka masika yanapokwisha, katika miji ya kale ya pwani yetu, tokea Lamu na Mombasa hata Mji Mkongwe wa Unguja, huonekana jambo moja katika nyumba nyingi. Juu ya ukuta uliokuwa mweupe hutokea doa, rangi yake kama chai iliyomwagikia kitambaa. Siku za kwanza huwa dogo, kadiri ya kiganja cha mkono. Kisha hupanuka, pembezoni mwake huota kitu cheupe mfano wa unga, rangi huvimba, na lipu huanza kudondoka juu ya kitanda au juu ya rafu ya misahafu. Mama wa nyumba huufagia unga ule asubuhi, na jioni huukuta tena.

Hapo watu huwa makundi mawili. Kundi la kwanza huenda dukani likanunua rangi, likalipaka doa, na baada ya miezi mitatu doa likarejea na kubwa kuliko kwanza. Kundi la pili huutazama upande wa nyumba ya jirani, likasema: "Maji haya yatoka chooni kwao." Kundi la kwanza hupoteza fedha tu. Kundi la pili hupoteza fedha na jirani pamoja, na khabari za hawa ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Yatupasa kwanza tujue ukuta wenyewe ni kitu gani. Nyumba zetu za kale hazikujengwa kama zijengwavyo za leo. Kuta zake ni mawe ya matumbawe, yaliyoshikanishwa kwa chokaa na mchanga na udongo, na unene wake aghlabu ni nusu mita au zaidi. Juu ya kuta zimelazwa boriti za mikoko, na juu ya boriti yamepangwa mawe na kumiminwa chokaa, ndiyo sakafu. Urefu wa boriti ndio uliokuwa kipimo cha chumba, na ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba. Sasa, jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, nalo hunywa maji kama sifongo. Na chokaa nayo hunywa. Wazee wetu walilijua hilo vizuri. Hawakutaka ukuta usioingia maji kabisa, bali walitaka ukuta unaolowa wakati wa mvua na kukauka wakati wa jua, kwa kuwa chokaa huyaacha maji yatoke tena hali ya kuwa mvuke. Wakizipaka nyumba zao chokaa mara kwa mara, na kazi hiyo haikuwa ya pambo peke yake.

Ilipokuja saruji watu waliifurahia, na haki yao, kwani ni kitu chenye nguvu. Lakini saruji ikipigwa juu ya ukuta wa matumbawe huwa kama nguo ya mpira juu ya mwili unaotoka jasho. Maji yaliyopenya kwa ufa mdogo, au yaliyopanda kutoka ardhini, hayapati pa kutokea. Hupanda na kutambaa ndani kwa ndani mpaka yapate mahali lipu ilipoishia au ilipopasuka, na hapo ndipo doa linapotokea. Mwenye nyumba hustaajabu kuona doa mahali pasipokuwa na bomba wala dirisha.

Hili ndilo ningependa msomaji alishike kabla ya yote yafuatayo. Doa hutuonyesha mahali maji yalipotokea, halituonyeshi yalikoingilia. Baina ya mahali hapa pawili huenda pakawa na hatua kumi. Maji yaliyoingia katika ufa wa sakafu ya juu huifuata boriti mpaka kwenye kichwa chake kilichomo ndani ya ukuta, kisha yakashuka na ukuta, na pengine yakatokea orofa ya chini katika chumba kingine kabisa. Mtu akivunja pale penye doa, atakuwa amevunja mahali pasipo na kosa.

Mwashi mwenye ujuzi hainui nyundo kabla ya kuuliza maswali mawili: doa liko kimo gani, na hukua wakati gani?

Ama kimo, doa lililo chini, lisilovuka mita moja au moja na nusu kutoka sakafuni, lenye mstari kama wa maji ya bahari yaliyokupwa, aghlabu ni maji ya ardhini yanayopanda. Yamkini nje ya ukuta ule udongo au lami ya njia imeinuliwa mwaka hata mwaka ikaupita msingi, au maji ya kuogea yanamwagwa hapo, au karo imejaa. Doa lililo juu, karibu na dari, hutokana zaidi na mabati, mfereji wa maji ya mvua, au tangi. Doa la katikati ndilo lenye kusumbua, kwa kuwa hapo pana mabomba, madirisha, na chumba cha kuogea. Na katika nyumba za Lamu pana birika, lile ambalo wazee wakitia samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Birika lililopata ufa mwembamba kama unywele linaweza kuurutubisha ukuta mzima bila ya mtu kuona hata tone moja likidondoka.

Na pana doa la namna nyingine lisilotoka kokote, nalo huwadanganya hata mafundi. Ukuta uliopigwa lipu kwa mchanga wa bahari una chumvi ndani yake, na chumvi ya kawaida huvuta maji kutoka hewani pindi unyevu wa hewa unapozidi asilimia 75. Pwani kwetu kuzidi hapo ni jambo la kila usiku. Basi ukuta ule hulowa usiku na kukauka mchana, hapana bomba lililovuja wala mvua iliyonyesha. Mtu anaweza kubadilisha mabati yote ya nyumba yake na ukuta ukabaki vile vile.

Ama wakati, huo ni shahidi mkubwa kuliko kimo. Doa linalokua siku moja au mbili baada ya mvua lina khabari za paa. Doa lisilobadilika masika wala kiangazi lina khabari za bomba lenye maji saa zote. Doa linalozidi mwisho wa juma, au wageni wanapokuja, lina khabari za chumba cha kuogea. Wanaume wengi hawayajui haya kwa kuwa hawashindi nyumbani. Wanaoyajua ni mama na watoto, nao ndio wasioulizwa.

Naijua khabari ya nyumba mbili zilizoungana kwa ukuta mmoja. Mji wake sitautaja. Wenye nyumba hizo wakisali safu moja, na watoto wao wakisoma chuo kimoja. Katika nyumba moja likatokea doa katika chumba cha kulala, orofa ya juu, kwenye ukuta ule wa baina yao. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na chumba cha kuogea cha jirani. Mwenye doa hakuona haja ya kuuliza zaidi. Alikwenda kwa jirani yake akamwambia atengeneze choo chake. Jirani, kwa kuona haya, alivunja sakafu ya chumba chake cha kuogea, akabadilisha bomba, akaweka vigae vipya, na fedha zake nyingi zikapotelea hapo. Mwaka uliofuata doa likarudi. Mwenye doa akasema kazi ilifanywa kwa hila. Jirani akajibu kwa maneno makali. Salamu zikakatika. Mambo yaliendelea hivyo kwa miaka miwili, na katika miaka hiyo mama mzazi wa jirani alifariki, na watu wa nyumba ya pili hawakwenda mazikoni wala hitimani.

Aliyelifumbua jambo hili hakuwa fundi. Alikuwa binti wa yule mwenye doa, mwanafunzi wa sekondari, ambaye kitanda chake kilikuwa chini ya ukuta ule. Alikuwa na desturi ya kulizungushia doa mstari wa kalamu ya risasi kila linapopanuka, na kando ya mstari akaandika tarehe. Alipoitwa mwashi mmoja mzee ili auvunje ukuta, aliiona mistari ile akasimama akaisoma. Mistari yote mikubwa ilikuwa ya Januari na Februari. Mwezi wa Aprili na wa Mei, mvua zikinyesha, doa halikusogea. Julai lilikuwa likififia. Mzee akauliza: "Jirani yenu huoga kaskazi tu?" Kisha akauliza tena: "Ni kitu gani katika nyumba hii kinachotumika wakati wa joto na kupumzishwa wakati wa baridi?" Kilikuwa ni kiyoyozi chao wenyewe. Mrija wake wa kutolea maji ulikuwa umechomoka nyuma ya ukingo wa paa, na maji yake yakidondoka kichwani mwa ukuta usiku kucha, kila usiku wa joto. Kuurudisha mrija ule hakukuchukua hata saa moja.

Gharama za vigae zililipwa kwa mafungu, kwa mkono wa wazee wawili wa mtaa. Hitima ya mama yule haikuweza kulipwa.

Watu hudhani kwamba mambo ya kuta na mabomba ni ya kidunia tu, hayana mlango katika vitabu vyetu. Sivyo. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, ambayo wanavyuoni wa pwani wameisomesha dahari na dahari, khabari za ukuta wa shirika na za vitu vinavyotokeza njiani zimewekwa katika mlango wa sulhu. Hazikuwekwa katika mlango wa wizi wala wa jinai, bali wa kupatana. Humo twasoma kwamba, kwa kauli mpya ya Imam Shafi, mshirika halazimishwi kuujenga upya ukuta wa shirika asipotaka. Maana yake ni kwamba sharia imeacha nafasi kubwa ijazwe na maneno mazuri baina ya majirani, na asiye na maneno hayo atabaki na ukuta wake mbovu.

Na ikifika kushitakiana, Mtume wetu (Rehma na Amani zimshukie) amekwisha kutuwekea msingi: ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na kiapo ni juu ya mwenye kukanusha. Mwenye doa ndiye mwenye kudai. Doa ni dalili ya kuwa yapo maji; halithibitishi kuwa maji hayo ni ya fulani. Suratul Hujurat, katika aya ya 6 na ya 12, imetuamrisha kuihakikisha khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na kujiepusha na dhana nyingi. Twazisoma aya hizo katika mawaidha ya kusengenya, na ni haki kuzisoma hapo. Lakini zaingia vile vile katika chumba cha kuogea cha jirani.

Imesimuliwa katika Musnad ya Imam Ahmad kisa cha mfereji wa paa la nyumba ya Sayyidna Abbas, ammi yake Mtume. Siku moja ya Ijumaa Sayyidna Umar alikuwa amevaa nguo zake akienda msikitini, na nyumbani kwa Abbas walikuwa wamechinja makinda mawili ya kuku. Maji yaliyochanganyika na damu yakamwagika kwenye mfereji ule yakampata. Akaamrisha ung'olewe, akarudi kubadilisha nguo, kisha akasalisha. Baada ya hapo Abbas akamjia, akamwapia kwamba mfereji ule aliuweka Mtume mwenyewe mahali pale. Umar akamshikilia apande juu ya mgongo wake, yeye Amirul Muuminina, mpaka aurudishe ulipokuwa. Tazameni basi. Huyu hakuwa na dhana, maji aliyaona juu ya nguo yake, na bado kulikuwa na khabari asiyoijua ambayo iligeuza hukumu yote. Sisi ambao hatukuona ila doa la rangi ya chai, tuna haki gani ya kukata shauri?

Hapa baadhi ya vijana wataniuliza juu ya tohara. Maji haya yanayotokea ukutani, ambayo hatujui kama yatoka tangini au chooni, je, hunajisi chumba cha kusalia? Jawabu ni kwamba asili ya maji ni tohara, na yakini haiondolewi kwa shaka. Maadamu hapana harufu ya najisi, wala rangi yake, wala ladha yake, wala hujui kwa yakini kuwa yatoka penye najisi, sali wala usijitie wasiwasi. Ibn al-Qayyim amehadithia kwamba Sayyidna Umar alidondokewa na kitu kutoka mfereji wa nyumba, na mwenziwe akataka kumwuliza mwenye nyumba kama maji yale ni tohara, Umar akamkataza mwenye nyumba asiwajibu. Basi katika tohara tumeruhusiwa tusipekue, na katika kumtuhumu mtu tumeamrishwa tupekue. Wengi wetu twafanya kinyume chake: nguo twaifua mara saba kwa shaka, na jirani twamhukumu kwa doa.

Turudi katika uchunguzi. Kazi ya kwanza ni ile ya binti yule, kalamu ya risasi na tarehe. Ya pili, chukua kipande cha nailoni ukibandike juu ya doa kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ukiache siku mbili. Ukikuta umande upande wa nje wa nailoni, maji yatoka hewani. Ukiukuta nyuma yake, yatoka ndani ya ukuta. Ya tatu, usiku kabla ya kulala fungeni bomba zote za nyumba, na koki ya kuingizia maji tangini, mkaiandike namba ya mita. Ikiwa alfajiri namba imesogea, na hapana aliyetumia maji, pana bomba livujalo kabla ya kufika tangini. Birika nalo lijazwe, litiwe alama ya kina chake, na lifunikwe ili maji yasipotee kwa joto, asubuhi litazamwe. Tangi la juu hali kadhalika, na hapo msisahau kuangalia kama hufurika usiku maji yanapokuja kwa nguvu. Matangi mengi ya plastiki yaliyopandishwa juu ya majumba ya kale hufurika saa nane ya usiku, watu wakiwa wamelala, na maji yake yakauteremkia ukuta mmoja kila siku.

Paa hujaribiwa kwa kumwagiwa maji siku ya jua, mkianza chini mkapanda juu, sehemu moja baada ya nyingine. Anayeanza juu huyatia maji kila mahali kwa pamoja, asijue ni lipi lililovuja. Na kwa kuwa ukuta ni mnene, msitarajie jawabu kwa saa moja. Jaribuni jambo moja, mngoje siku mbili tatu, kisha lifuate jingine.

Ama chumba cha kuogea cha jirani, hicho ni cha mwisho, na mlango wake ni ruhusa. Mwende kwake na daftari lenu la tarehe, mumwombe atie rangi ya chakula katika maji ya sakafu yake, kisha mtazame pamoja, yeye akiwa nyumbani kwenu penye doa. Rangi ikitokea, atakuwa ameiona kwa macho yake, wala hatahitaji kuambiwa na mtu. Isipotokea, maji mengine yenye rangi hayatadhuru kitu. Naye ikimthibitikia, asingoje kuombwa mara ya pili, kwa kuwa Mtume amekataza mtu kudhuru na kudhuriana, na ukuta unaoliwa na maji hauna subira ya binadamu.

Lipo jambo moja lisilongoja uchunguzi wote huo. Ikiwa doa liko chini ya kichwa cha boriti, ichomeni boriti kwa bisibisi pale inapoingia ukutani. Ikiingia kwa wepisi kama katika mkate, boriti imeoza au imeliwa na mchwa, na watoto wasilale chumba hicho wala chumba kilicho juu yake hata usiku mmoja mpaka iwekewe nguzo. Kadhalika ukuta uliolowa penye swichi au soketi, umeme wake ukatwe kwanza. Na mwenye mtoto wa pumu asilichukulie jepesi doa lenye ukungu mweusi. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2009 limeeleza kwamba rutuba na ukungu ndani ya nyumba huzidisha pumu na maradhi mengine ya kifua.

Asili ya maji ikishajulikana na kuzuiwa, ndipo ukuta utengenezwe, wala si kabla. Lipu ya saruji iliyoharibika ibanduliwe, kupita mpaka wa doa kiasi cha mkono mzima. Chumvi nyeupe ifagiwe kwa brashi kavu, isioshwe, maana ikioshwa hurudi ndani. Kisha ukuta uachwe wazi ukauke, na ukuta wa nusu mita haukauki kwa juma moja. Ukibanduliwa baada ya masika, uachwe hata kaskazi ipite. Wageni watauona, na wauone. Baadaye lipu ipigwe kwa chokaa iliyozimwa vizuri na mchanga wa bara usio na chumvi, tabaka nyembamba nyembamba, na kila tabaka inyunyiziwe maji na kukingwa na jua siku kadhaa, kwani chokaa hukaza polepole kwa kuvuta hewa. Aliye Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, apitie kwanza kwenye Mamlaka ya mji ule kwa ruhusa ya matengenezo. Na rangi juu ya lipu hiyo iwe ya chokaa vile vile, si ya mafuta wala ya plastiki, la sivyo maji yatakosa tena pa kutokea.

Mistari ya kalamu ya risasi isifutwe mpaka masika mengine yapite.